Katuni ya Lorraine

Alhamisi moja ya Novemba, jioni, Clive Ormerod aliwasha projekta yake katika maktaba ya Padiham akaanza kuwasimulia watu habari za katuni za utotoni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, lakini viti vilijaa hata hivyo, kwa maana Clive alikuwa na jina lake katika ile miji ya Lancashire. Alifanya ufundi wa gesi mpaka alipostaafu, na kwa miaka mingi kila Jumamosi alipanga meza kwenye masoko ya katuni za zamani, akinunua na kuuza. Alijua nani alichora nini, gazeti gani lilikufa mwaka gani na lilimezwa na gazeti gani. Tena alijua kuchekesha.

Mazungumzo ya siku ile yalihusu bei. Alionyesha majalada ya mbele, moja baada ya jingine, huku kijiti chake kikienda pale pembeni juu palipoandikwa peni.

"Hapa ni mwaka sabini na moja, hela mpya za desimali zimeingia, peni mbili na nusu," alisema. "Hapa sabini na nne. Peni tano. Miaka mitatu tu, bei mara mbili, na mama zetu waliguna kwelikweli. Leo mpeleke mjukuu wako dukani. Pauni nne na ushee, na nusu ya hela hiyo umelipia kidude cha plastiki kilichogandishwa mbele, kitakachovunjika kabla hamjafika kwenye gari."

Watu walicheka. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu akasema, "Na kurasa zenyewe za kupaka rangi."

"Umeona? Unauziwa kazi," Clive akamjibu, na wakacheka tena.

Alipokuwa amewashika hivyo, akawapa ile hadithi aliyokuwa akiitoa kila mahali. Nyumbani kwao walikuwa watoto wawili, yeye na dada yake. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma vitambaa, na hela haikuwa ya kuchezea. Lakini kila Jumamosi asubuhi kifuniko cha tundu la barua kililia, na magazeti mawili yakadondoka kwenye zulia la mlangoni: *Clatter* yake yeye, na *Rosalind* ya dada.

"Kila mtu na lake," alisema. "Hatukuwa na gari, hatukuwa na simu. Lakini hilo hatukulikosa hata wiki moja."

Taa zilipowashwa ndipo alipomwona Lorraine. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na bomba la joto, na koti lake limelowa mabegani. Hakuwa amemwambia kwamba angekuja. Kwa miaka yote ya mazungumzo yake hakuwahi kuja.

Clive alimletea chai na biskuti kwenye sahani ya karatasi. "Ungeniambia, dada. Ningekuwekea kiti cha mbele."

"Huku nyuma kuna joto."

"Umeonaje?"

"Umesema vizuri. Watu wamefurahi." Akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Ila pale mahali pamoja umekosea."

Clive akatabasamu. Bei hakukosea, hilo alikuwa na hakika nalo. "Wapi?"

"Uliposema kila mtu na lake."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Kwako ndivyo ilivyokuwa," Lorraine alisema. Hakuwa amekunja uso, wala sauti yake haikupanda. "Mimi langu lilikatwa. Ule msimu wa baridi umeme ulipokuwa unazimwa, viwanda vinafanya kazi siku tatu kwa wiki, baba analeta mshahara nusu. Halafu magazeti yakapanda. Baba akasema mawili hayawezekani, moja liondoke. Langu likaondoka."

"Sikumbuki hilo."

"Najua hukumbuki."

"Lakini kwa nini lako? Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa."

Lorraine alimtazama, kana kwamba anapima kama inafaa kuendelea. "Baba alikuuliza wewe. Mimi nilikuwa ngazini, mlidhani nimelala. Akasema, dada yako analisoma kweli lile? Ukamwambia, Lorraine halisomi, anaangalia magauni tu."

Mama wa maktaba akapita na birika akiuliza nani anaongeza. Hakuna aliyeongeza. Lorraine akavaa glavu zake, akasema basi la Burnley haliko mbali, na Clive alipotaka kumpeleka kwa gari akakataa kwa upole. Akampiga kidogo mkononi kama mtu anayeaga jirani, akatoka.

Usiku ule Clive hakupata usingizi mzuri, wala siku zilizofuata. Alijaribu kukumbuka. Mishumaa aliikumbuka, na kwamba alipenda kiza kile kwa sababu kililifanya kila jambo lionekane kama mchezo. Alikumbuka kurasa za *Clatter* za miezi ile kwa ukamilifu kiasi kwamba angeweza kuzichora. Lakini baba kumuuliza, na yeye kujibu, hakuona chochote. Kumbukumbu yake aliyokuwa akiitembeza maktabani na kwenye vyumba vya kanisa, akisifiwa kwayo, ilikuwa na shimo, na ndani ya shimo hilo alikuwamo dada yake.

Kisha likamjia jambo ambalo alilikumbuka vizuri sana, na ambalo Lorraine hakulijua. Miaka michache nyuma aliitwa mjini Brierfield kununua vitu vya nyumba ya marehemu mmoja. Darini palikuwa na maboksi ya katuni. Za wavulana alizichukua zote. Lakini mawili yalijaa *Rosalind*, yamefungwa kamba kwa mwaka, safi kama yametoka dukani. Wenye nyumba walimwomba ayachukue pia, wapate nafasi. Aliyachukua, akaenda nayo moja kwa moja mpaka jaa la mji, akayamwaga kwenye kontena la kutupia karatasi. Katuni za wasichana haziuziki. Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote, na ndivyo wenzake walivyosema, na akina mama walikuwa wamekwisha kutupa nyingi zamani, kwa hiyo zilikuwa chache na bado hazikuwa na mnunuzi. Alikumbuka hata sauti yake zilipoanguka.

Jumamosi iliyofuata, sokoni Preston, akaanza kuuliza meza kwa meza. Alitaka *Rosalind*, mwaka sabini na nne, miezi ya mwanzo.

"Clive umehamia kwenye magauni?" akauliza Barry Duckworth, ambaye meza yake ilikuwa jirani na ya Clive tangu zamani. "Mwezi ujao tutakukuta na hadithi za farasi na mabinti wa shule ya bweni."

"Ninamtafutia mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Barry."

Barry aliona kwamba utani haukukubaliwa. Akakuna kidevu. "Kuna yule mama wa Todmorden, Enid Shackleton. Alikuwa na meza pale mlangoni tukawa tunampita. Yeye anazo. Sijui kama ataongea na sisi."

Aliongea na Clive, lakini kwa masharti yake. Enid Shackleton alikuwa mama wa miaka themanini na kitu, mwembamba, na nyumba yake ilinuka karatasi na mishumaa ya nta. Alimweka Clive kwenye kiti kisicho na mto, akasimama.

"Nakukumbuka," alisema. "Uliwahi kuniambia nipunguze meza, niwaachie watu wenye vitu vya maana nafasi."

"Nilisema hivyo?"

"Tena ulikuwa unakula mkate wa nyama huku ukisema."

Hilo nalo hakulikumbuka. Alianza kuogopa idadi ya mambo ambayo watu wengine walikuwa wamemtunzia. Akamweleza alichotaka, na Enid akauliza ni kwa ajili ya nani, naye akasema ni kwa ajili ya dada yake, ambaye gazeti lake lilikatishwa utotoni bei zilipopanda, na hadithi aliyokuwa akiifuata ikamkatikia njiani. Ile ya maneno aliyomwambia baba hakuisema.

Enid akapanda juu, akarudi na bahasha kubwa. Ilikuwa na matoleo ya kuanzia Februari mpaka mwisho. Kisha akataja bei. Ilikuwa ileile ambayo Clive aliwatoza watu kwa *Clatter* za mwaka ule, peni kwa peni. Kwa miaka yote alikuwa amesema mbele ya yeyote aliyesikiliza kwamba gazeti la wasichana halifikii hata sehemu ya kumi ya bei hiyo. Alitoa pochi, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Enid akazihesabu noti mbele yake bila haraka.

"Mwambie dada yako azisome kwa mikono mikavu," alisema, akamfungulia mlango.

Clive hakuondoka. Aliketi ndani ya gari nje ya nyumba ile, vioo vimepata ukungu, akafungua bahasha. Hadithi ya Lorraine aliitambua, maana sasa alikumbuka jina lake: *Nell wa Mnara wa Taa*, binti yatima aliyefungiwa na shangazi yake katika mnara wa pwani, akichora ramani za siri kwa mkaa. Aliisoma toleo kwa toleo. Ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia, na hilo pia lilimchoma.

Kisha akafika toleo la mwisho. Kwenye jalada, kwa herufi nyekundu, palikuwa na tangazo: *Habari njema kwa wasomaji wetu wote!* Clive alijua habari njema za namna hiyo. Gazeti likitaka kufa lilitangaza sherehe. Kuanzia wiki iliyofuata *Rosalind* lingeungana na gazeti jingine, na Nell wa Mnara wa Taa alimaliziwa katika ukurasa mmoja: shangazi akateleza akaanguka baharini, mashua ikatokea, ndani yake babu tajiri ambaye hakuwahi kutajwa, basi. Hata kama baba asingelikata, Lorraine asingepata zaidi ya hiki.

Clive alihisi mzigo ukimtoka mabegani, na papo hapo akaona aibu kwamba ulitoka upesi namna ile.

Akageuza ukurasa. Upande wa nyuma palikuwa na safu iliyoitwa *Vazi la Wiki*, ambapo wasomaji walituma michoro ya nguo, na mchoraji wa gazeti akamvisha mwanasesere wa karatasi. Vazi la wiki ile lilikuwa koti-gauni la kijani lenye kijoho kifupi mabegani na mifuko yenye umbo la bahasha za barua, kila mfuko na kifungo chekundu mahali pa lakiri. Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo: *Limebuniwa na Lorraine Ormerod, miaka 11, Padiham.*

Alisoma mara nyingi. Anaangalia magauni tu, alikuwa amesema yule mtoto aliyekuwa yeye. Kweli Lorraine alikuwa anayaangalia.

Kwa muda mrefu, mvua ikigonga juu ya bati la gari, Clive alifikiri kulitoa toleo lile kwenye bahasha. Angeweza kumpelekea mengine, akamwambia la mwisho halipatikani. Lorraine asingejua, na asichokijua kisingemuumiza. Alikwenda mbali kiasi cha kulichomoa na kuliweka chini ya kiti. Aliendesha nalo hivyo mpaka njia panda ya Cornholme, akaegesha kando, akalirudisha mahali pake.

Lorraine aliishi Burnley, katika nyumba ndogo ya matofali yenye mlango wa bluu. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha viatu vya ndani, vile vya manyoya, akishona vilivyobuniwa na wengine. Mumewe alikuwa amefariki. Alimfungulia Clive akiwa na miwani ya kusomea juu ya nywele.

"Hujambo. Kuna nini?"

"Hakuna. Nimekuletea kitu."

Wakaketi sebuleni. Clive akampa bahasha, na alipoona rangi ya jalada la kwanza Lorraine akashusha miwani. Alilinusa gazeti, kama wanavyofanya wapenda katuni wote, wakubwa kwa wadogo. Clive akashindwa kunyamaza. Akaanza kueleza habari ya gazeti kuungana na jingine, ya shangazi kuanguka baharini, ya babu wa kwenye mashua, alivyokuwa akieleza maktabani, kwa sauti ile ile.

"Kwa hiyo unaona," akamalizia, "wala hukukosa kitu, dada. Walilifunga wenyewe ule mwezi wa nne."

Lorraine aliinua macho. "Hivyo ndivyo unavyoona?"

"Nasema tu kwamba hadithi yenyewe..."

"Mimi nilikuwa nasikia kile kifuniko cha barua kila Jumamosi, Clive. Nasikia kitu kimoja kinaanguka. Nalala pale najua ni chako. Unashuka ngazi mbio, unacheka peke yako jikoni. Hadithi niliisahau mapema sana."

Lorraine akaendelea kugeuza kurasa, toleo hili, toleo lile, bila haraka, naye Clive akakaa ukingoni mwa kiti. Hakuweza kumwambia ni ukurasa gani. Alipofika toleo la mwisho alisoma tangazo la herufi nyekundu, akamsoma Nell, akatoa pumzi puani kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akageuza.

Gari la taka lilikuwa likipita mtaani. Lorraine alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Kidole chake kikafuata mfuko wa lile koti la kijani, kikazunguka kile kifungo chekundu.

"Mimi nilichora vifungo vinne," alisema. "Wamepunguza."

"Lorraine."

"Mama alininunulia stempu. Alikuwa ananiuliza kila siku, wamejibu? Namwambia hawajajibu. Akasema watu wa magazeti wana kazi nyingi, nisikate tamaa. Halafu akaacha kuuliza." Aliongea na ukurasa, si na yeye. "Mama angelitembeza gazeti mtaa mzima. Angelipeleka mpaka duka la nyama."

Mama yao alikufa mwaka wa sabini na tisa. Clive alijua tarehe, alijua gazeti gani lilikuwa madukani wiki ile.

"Nisamehe," alisema. Neno lilitoka dogo kuliko alivyotaka.

"Kwa lipi?"

"Kwa nilivyomwambia baba."

"Ulikuwa na miaka minane. Yule wa miaka minane sina neno naye. Mtoto anataka gazeti lake, atasema lolote." Akalifunga toleo lile, akaliweka juu ya mengine, akaweka kiganja juu yake. "Ila wewe mzee mzima unasimama mbele ya watu, na kijiti, unasema kila mtu na lake. Mara ngapi umeyasema hayo? Miaka hamsini, hata siku moja hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Sikuwa nimeficha."

Ilikuwa kweli. Kila alipohitaji habari ya utoto wao alikwenda kwenye maboksi yake mwenyewe.

"Umeyapata wapi haya?" Lorraine akauliza baadaye kidogo. "Nilidhani hayapatikani tena."

"Kwa mama mmoja Todmorden."

"Watu walikuwa wanayatupa, eti?"

Clive alitazama zulia. Aliona kontena la karatasi, kamba za rangi ya manjano, mwaka juu ya mwaka. Hapa palikuwa mahali pa kusema. Mdomo wake ulifunguka.

"Ndiyo," alisema. "Waliyatupa."

Lorraine akatikisa kichwa kwa huruma, akiwahurumia watu wale waliotupa vitu vizuri bila kujua. Akavuta taa ya mezani karibu, akachukua toleo la Februari, akalifungua tangu mwanzo.

"Nataka kuyasoma sasa, yote," alisema. "Kwa mpangilio. Utanitengenezea chai?"

"Nitatengeneza."

Akaenda jikoni. Alijaza birika akaliwasha, kisha akafungua kabati la juu akakuta sahani, akafungua la pili akakuta unga na makopo ya nyanya. Tangu dada yake ahamie nyumba hii, yeye alikuwa mtu wa kuketi akaletewa. Hakujua vikombe vinakaa wapi, wala kama Lorraine alitia maziwa kwanza au baadaye. Birika likaanza kuchemka. Alifikiri kuita na kuuliza, akarudisha sauti yake, akafungua mlango mwingine wa kabati taratibu usigonge, huku kutoka sebuleni akisikia karatasi ikigeuzwa, kimya, kisha ikigeuzwa tena.